Shangazi Aliyejaza Kompyuta ya Heritier

Naweka dau la jogoo wangu mwekundu, yule anayewika hapa Gungu, Kigoma, wakaamka watu wa mtaa wa Mwanga, kwamba hakuna atakayeamini haya ninayosimulia. Usiponiamini jogoo ni wangu. Ukiniamini jogoo bado ni wangu, maana mimi ndiye ninayemlisha. Lakini ukweli ni huu: mimi Onesmo, dereva bodaboda, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu na mimi hatukuelewana nani anamfundisha mwenzake, ndiye niliyeitibu kompyuta iliyomshinda mtu mwenye diploma. Cheka kwanza umalize. Mimi nasubiri.

Haya. Mwenye diploma anaitwa Heritier. Ni mpangaji wa mama yangu, chumba cha uani karibu na banda la kuku. Mrefu kama nguzo ya umeme, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki mgebuka mdomoni. Babu yake alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na mitungi ya mawese, akauza, akapenda Ujiji, akasahau kurudi. Kwa hiyo Heritier ni mtoto wa Ujiji kabisa kuliko mimi niliyetoka kijijini, ila mimi humwita Mkongo ili nimwone anavyokunja pua. Pikipiki hajui. Nilimfundisha siku moja tu, akaingia nayo kwenye ua wa jirani akatokea upande wa pili na mahindi shingoni. Anachojua ni kuosha vyombo, na ndiyo maana mama anampenda kuliko mimi.

Kazi yake ilikuwa steshenari ya pale barabarani. Kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, kuwaandikia watu wasifu wa kuombea kazi. Ukuta wa pili alikuwepo fundi cherehani, Angela, msichana wa Kidahwe, mwenye kicheko ukikisikia unaongeza mafuta bila kujua. Heritier akaanza kupeleka suruali zake zipunguzwe. Akapunguza, akapunguza tena. Nikamwambia, "Mkongo, sema neno, maana ukiendelea hivi utaenda kazini na kaptula." Akasema neno. Angela akakubali kabla hajamaliza sentensi, na Heritier akimaliza sentensi ni jambo la kusubiri.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi wakajaa Kagunga, ule ufukwe mwembamba uliobanwa na mlima. Meli ikawa inawaleta Kigoma, mabasi yanawapandisha barabara ya Kasulu kwenda makambini. Katika kupanda na kushuka kule, mama anaondoka na safari hii, mtoto na safari ile. Mjini kila mtu alikuwa anamtafuta mtu. Nimebeba abiria wengi waliokuwa hawaendi popote, wanataka tu kuangalia sura za watu barabarani.

Na kuwatafuta ilikuwa kazi kwa sababu ya majina. Sisi huku mtu hajulikani kwa jina la cheti. Mama yangu ni Mama Onesmo, basi. Nilikuwa nimeshaota ndevu ndipo nikasikia kwamba anaitwa Agnesi, tena nilisikia kwa daktari. Sasa fikiria umefika kambini unamuulizia Mama fulani, na yeye kwenye karatasi ameandikwa jina la ubatizo ambalo hata mume wake halijui.

Heritier alikaa na jambo hilo akatengeneza programu. Au tuseme alianza kutengeneza. Unaiambia, namtafuta mtu, ni mama yake fulani, shangazi yake fulani, dada yake fulani. Inaingia kwenye maelezo ya watu waliokubali kutafutwa, inafuata undugu mmoja baada ya mwingine mpaka inampata, hata kama kule anaitwa kwa jina la mtoto mwingine. Vijana wa kujitolea waliokuwa wanazunguka makambini na simu walikuwa wanaisubiri sana. Hakuna aliyemtuma. Aliifanya kwa sababu ndivyo alivyo, ukimwazima jembe analirudisha limenolewa.

Mpaka tulipokwenda Kidahwe, hapo sasa akapata wa kumtuma.

Nilimpeleka kwa pikipiki yangu, amevaa suruali pekee iliyokuwa bado inafika chini. Baba yake Angela ni Mzee Anatoli, mkulima, Mrundi kwa kuzaliwa, alivuka bado kijana akaoa huku. Tulimkuta anapalilia maharage.

"Mwakeye, mzee," nikamwamkia, nikapiga makofi kidogo kwa heshima kama desturi ya Waha. Heritier akasema shikamoo.

"Marahaba. Ndiye huyu anayeuza karatasi?"

"Ndiye, mzee," nikasema. "Lakini ana diploma."

"Diploma inalimwa wapi?"

Nikaona mzee anaweza utani, nikampenda pale pale. Tukakaa. Akatusikiliza mpaka mwisho, akafuta jembe kwa majani.

"Sina neno baya na kijana," akasema. "Lakini kwetu sisi posa inapokelewa na shangazi wa binti. Baba yupo, mama yupo, ila anayesema ndiyo ni shangazi. Angela anaye mmoja tu, Verediana, mdogo wangu. Mtu alimwona Kagunga siku zile za vurugu, amekaa juu ya godoro lake anasubiri meli. Tangu hapo sijapata habari zake. Nimeuliza makambini, naambiwa Verediana wapo wengi na wangu hayupo. Sasa nani atamwitikia huyu?"

Akamgeukia Heritier.

"Nasikia una mashine ya kutafuta watu," mzee akaendelea.

"Ipo mzee, inakaribia kwi..."

"Imekwisha, mzee," nikadakia. "Wiki hii hii unaongea naye."

Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama shamba. "Vizuri. Maharage haya yakivunwa, nataka niwe nimesikia sauti ya mdogo wangu. Yakivunwa kimya kimya, kuna kijana wa Kasulu mwenye lori, kila Jumapili anapita kuniuliza habari. Sijawahi kuwa na habari nyingi kiasi hicho."

Njiani, tulipofika lami nzuri, Heritier akaniinamia sikioni. "Kaka Onesmo, kwa nini umesema imekwisha?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unasema inakaribia. Mtu hapewi mke kwa inakaribia."

"Haijakwisha. Inakwama kwenye kompaila."

Ndiyo mara ya kwanza nasikia neno hilo, na leo nalitamka kijiweni mpaka wenzangu wananiita Injinia. Kompaila ni programu inayosoma maandishi aliyoandika binadamu, inayageuza yawe kitu mashine inaweza kufanya. Kama mama anavyochukua muhogo mkavu akautwanga, akauchekecha, ukawa unga. Hujapitisha kwenye kinu, huna ugali, una vipande vya muhogo tu. Maandishi ya Heritier yalikuwepo yote, mazuri, amepanga. Lakini akiyatia kwenye kompaila, kompyuta inaanza kuhema, kipanya cha mezani hakisogei, skrini inaganda na kila mtu aliyekuwa anasubiri kopi anaondoka.

"Inamaliza memori," akaniambia. "Kompaila inaomba nafasi ya kufanyia kazi, inaomba tena, inaomba tena, mpaka mashine haina cha kutoa."

"Kwani umeiandikia kitu kikubwa?"

"Kidogo tu. Hata ningeichapa yote haimalizi rimu ya karatasi."

Mimi nilijua tatizo kabla hajafunga mdomo. Nilishika ile laptopu chini, ilikuwa ya moto kama kaango. Injini ikichemka inazima, hilo halihitaji diploma. Nikaenda sokoni Mwanga nikamletea feni, ile ya kusimama, yenye shingo inayozunguka. Nikaielekeza. Mashine ikaganda vile vile, ila karatasi zote za steshenari zikaruka mpaka kwa Angela, akaja nazo kwapani anacheka. Heritier akashukuru, maana siku hiyo ilikuwa joto.

Yeye kwanza alishuku kompaila yenyewe kwamba ni mbovu. Akaweka toleo jingine, ikawa hivyo hivyo. Akaomba kompyuta ya rafiki yake yenye memori kubwa zaidi. Ile ilijikaza kidogo zaidi halafu nayo ikaganda. Huyo rafiki akasema, "Tafuta kubwa kuliko hii." Heritier akasema hapana, kitu kidogo kama hiki hakitakiwi kula kiasi hicho, lazima nijue kinakula nini. Hapo nilimheshimu. Mimi pikipiki ikinywa mafuta sana naongeza mafuta, nalaumu serikali. Yeye akaamua kulitafuta tundu.

Akafungua kidirisha kidogo pembeni ya skrini kinachoonyesha memori inavyotumika. Nikamwambia hiki ni geji ya mafuta, ila inakwenda kinyume, ikijaa ndiyo umekwama. Akacheka, akasema ndiyo hiyo hiyo. Basi jioni nikimaliza kijiwe nakaa naye nasoma geji kwa sauti, na ninawaambia, hakuna aliyewahi kuisoma vizuri kama mimi.

Lazima nieleze mafaili yalivyokuwa, ni rahisi. Kila ndugu alikuwa na faili lake. Faili la babu linaeleza babu anaitwaje Kiha, Kirundi, Kibembe na Kiswahili, na undugu wake unafuatwaje. Kuna la bibi, la baba, la mama, la shangazi, la mjomba, la mjukuu, la kitukuu. Kompaila inasoma yote inatengeneza kitu kimoja.

Akaiandikia kwanza programu ya neno moja tu. Kompaila ikaimeza, geji haikutikisika. Akaipa faili la babu peke yake. Geji ikapepesa. Akaipa la baba, ikapanda kidogo. Akaipa la shangazi, ikapanda zaidi ya nilivyotegemea. Mjukuu akapandisha mpaka nikasema, "Mkongo, huyu anakula." Kitukuu alipoingia, skrini ikaganda.

"Kitukuu ndiye mwizi," nikasema. "Mfukuze."

Heritier hakumfukuza. Alifanya kitu cha ajabu. Alifungua faili la kitukuu akafuta maelezo yake yote, akaacha ile mistari ya mwanzo tu. Faili likawa karibu tupu. Akalitia tena kwenye kompaila.

"Soma," akaniambia.

"Inapanda. Inapanda. Imeganda."

Tukatazamana. Faili tupu linakula sawa na faili lililojaa. Siku ile alirudi nyumbani, akaosha vyombo vyote vya mama, akaosha na vya jirani. Angela akaja kumwangalia akaambiwa yuko kwenye masufuria. Akaniuliza mimi maharage ya baba yake yamefikia wapi, kana kwamba yeye si wa Kidahwe. Nikajua naye ana hofu. Nilikuwa nimepita siku ile na abiria: majani ya shamba la Mzee Anatoli yalikuwa yameanza kuwa ya njano.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi, jogoo aandaliwe.

Jumamosi ile tulikuwa tunamuaga dada yangu Merina, anaolewa Ujiji. Turubai uani, pilau, muziki, na mshereheshaji ni nani kama si mimi. Mama alisema tutafute mtu wa kulipwa. Nikamwambia mtu wa kulipwa ana sauti gani ambayo mimi sina.

Si mnajua utambulisho wetu. Namwita shangazi wa bibi harusi asimame. Shangazi hawezi kusimama peke yake kama nguzo, atamwita kwanza kaka yake na mama yake, ndiyo adabu. Kaka akisimama, naye hawezi kujitaja kabla ya baba yake na mama yake, anawaita. Baba naye ana wakubwa wake, anawaita. Halafu anakuja mjomba, anaanza upya na bibi yule yule. Na kwa kuwa bwana harusi anatoka ukoo ambao tumeoana nao tangu zamani, upande wa pili nao wana bibi huyo huyo. Bibi Rozalia, nyanya yetu, miguu inamsumbua, alisimama kwa ajili ya shangazi, akasimama kwa ajili ya baba, akasimama kwa ajili ya mjomba, akakaa, akaitwa na upande wa bwana harusi. Safari hiyo hakusimama.

"Onesmo," akasema, na maikrofoni ilikuwa karibu, "mimi ni yule yule wa mwanzo."

Turubai zima likaangua kicheko. Pilau lilikuwa linapoa, na watu wa Ujiji wakitazama pilau linapoa wanaweza kuvunja uchumba. Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu. Nikatangaza: "Kuanzia sasa, kila aliyekwisha kutambulishwa anapewa sahani yake ashike mkononi. Mtu akimwita ndugu yake, na ndugu huyo ana sahani, tunapita. Hasimami tena. Tunajua yupo."

Sahani zikagawiwa. Bibi Rozalia akapata ya kwanza, akaiinua juu kama kombe. Mjomba akaanza, "Namwita mama yangu," watu wakajibu, "Ana sahani." "Namwita kaka yangu." "Ana sahani." Utambulisho uliokuwa unaelekea kula sherehe nzima ukaisha pilau likiwa bado linatoa moshi.

Nikageuka nimtafute Heritier nimwoneshe akili ilivyo. Nikamwona amesimama katikati ya watu, sahani mkononi, haina kitu, anaitazama kama imemwita jina. Halafu akatoka. Mtu anayependa kula vile akatoka kwenye pilau akiwa na sahani tupu. Nikamwambia Merina, "Huyu anaumwa." Nikampa mtu maikrofoni, nikamfuata.

Alikuwa steshenari, mlango nusu, laptopu wazi.

"Kaka Onesmo, njoo uone ile mistari ya mwanzo."

Nikaona. Faili la kitukuu, mistari ya mwanzo: ita mjukuu, ita shangazi. Akafungua la shangazi: ita baba, ita bibi. Akafungua la baba: ita babu, ita bibi. Yote yalikuwa hivyo. Kila ndugu kabla ya kujieleza anaita wakubwa wake, na wale wakubwa kila wakiitwa wanaita wakubwa wao upya, na kompaila haikuwa inakumbuka kwamba huyu alishapita. Ilikuwa inawaandika wote tena, babu na bibi na babu na bibi, kila kizazi kinazidisha kile cha juu yake, mpaka memori inakwisha. Kitukuu tupu alikuwa mzito kwa sababu alikuja na ukoo mzima mlangoni, na kila mwanaukoo amekuja na ukoo wake.

"Kwa nini uliandika hivi?" nikamuuliza.

Akajikuna kichwa. "Niliona ni adabu. Shangazi ataingiaje bila wazee wake?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye mashine ya kopi. Ilitoa kopi, bado ninayo. Niambie ni nani mwingine duniani angeijaza kompyuta kwa heshima.

"Nilikagua kila mahali," akasema. "Pale sikukagua, maana nilikuwa na uhakika napo."

Akaandika juu ya kila faili neno lake la kompyuta, maana yake ni hii: kama nimeshaitwa, nina sahani, nipite. Halafu akaitia programu yote kwenye kompaila, babu mpaka kitukuu, lugha zote.

"Soma," akasema.

Nikainama kwenye geji. Ilipepesa, ikatulia. Nikadhani imeharibika. Kabla sijasema kitu kompaila ilikuwa imemaliza na inangoja kazi nyingine, kama mtu aliyeguguna mfupa wote anauliza kuna nini tena. Heritier akaweka mikono kichwani. Kisha, mtu yule asiyejua kucheza, akacheza. Angela aliyekuja kumletea pilau akamkuta ananyanyua miguu kama anakanyaga moto, akaweka sahani chini, akaingia naye. Mimi nikapiga makofi ya mdundo. Ndiyo kazi ya MC.

Vijana wa kujitolea wakaipokea programu kwenye simu zao. Siku ile ya kumtafuta Verediana nilimfuata mzee Kidahwe. Nilimkuta shambani anang'oa maharage. Yalikuwa yamebaki matuta ya mwisho, na kando ya shamba kuna alama za matairi ya lori.

"Mzee, panda," nikamwambia.

"Sijamaliza."

"Ndiyo maana nasema panda."

Alikuja na fungu la maharage mkononi, hakukumbuka kuliacha. Steshenari tukambana Heritier pande zote. Akaandika kile mzee alichokijua: mama yake Telesphory, shangazi yake Angela, dada yake Anatoli. Programu ikazunguka. Jina Verediana halikutoka. Alitoka mtu anaitwa Mama Samson, yuko kambi ya Nduta, ana mtoto mkubwa Telesphory, na yeye mwenyewe anamtafuta mtu: Baba Angela, kaka yake, alihamia Tanzania ujanani, mkulima.

"Simjui Samson," mzee akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

Heritier akampigia kijana wa kujitolea wa kule. Tukangoja amtembelee yule mama na simu. Mzee Anatoli alikuwa anapukuchua maharage mezani bila kutazama, yanaanguka juu ya karatasi za watu. Simu ikaita. Heritier akaweka sauti ya nje.

"Kama kweli ni wewe," sauti ya mwanamke ikasema bila salamu, "ng'ombe gani alikukanyaga mguu?"

Mzee akavua kofia. "Yule wa pembe moja. Na wewe ndiye uliyemchokoza."

Upande wa pili ikaja Kirundi, "Musaza wanje," kaka yangu, na tena, na tena, na huku mzee anasema ndiyo, ndiyo, na machozi yanashuka huku anacheka. Akamuuliza Samson ni nani. Dada mtu akasema ni mtoto wake wa mwisho, alizaliwa wakati habari kati yao zimeshakatika, na kambini ndiye anayejulikana kwa ukorofi, ndiyo maana wote wanamwita kwa jina lake. Angela alikuwa ameshikilia mlango. Heritier akatoka nje akasimama juani, ameweka kofia ya mzee kichwani, sijui aliipataje.

Posa ilifanyika Kidahwe wiki iliyofuata. Verediana alikuwa bado hajapata kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo tukaiweka simu katikati ya mkeka, sauti ya nje, juu ya sahani. Hiyo ilikuwa amri yangu. Nikatangaza kwamba shangazi ana sahani, ameshatambulishwa.

"Nani anaoa?" simu ikauliza.

"Ni mimi, Heritier. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unajua kupika?"

Heritier akanigeukia.

"Anaosha vyombo, shangazi," nikamsaidia. "Anaosha mpaka vya jirani."

"Na huyo ni nani?"

"Onesmo, mshereheshaji. Mimi ndiye niliyegundua jinsi ya..."

"Onesmo, nyamaza kidogo, baba. Heritier, ni wewe uliyenitafuta?"

"Mimi na wenzangu, shangazi."

"Ulijuaje kuwa Mama Samson ni mimi?"

Heritier akafikiri, mnajua anavyofikiri, mpaka mzee akaanza kukohoa. "Nilikuita na ndugu zako wote," akasema. "Nilipoacha kuwaita mara nyingi mno, ukaitika."

Simu ikacheka, kicheko cha Angela kabisa, watu wote wakageuka kumtazama binti. "Basi nasema ndiyo," shangazi akasema. "Na arusi msiifanye mpaka nipate kibali. Nataka sahani yenye kitu."

Akapata kibali, akaja, akala, akacheza na Samson mgongoni ingawa Samson alikuwa mkubwa wa kutosha kumbeba yeye. Kijana wa lori alitukodishia lori la kubebea viti. Bei ilikuwa ya kukasirika kidogo, tukamsamehe.

Heritier na Angela wanaishi bado uani kwa mama, sasa vyumba viwili. Mimi niliwapa zawadi ya arusi ile feni, ambayo kwa kweli ilikuwa imeshakaa kwao siku zote. Wageni wakija huwaambia ndiyo iliyoanza matibabu ya kompyuta, na Heritier kwa upole wake hanipingi. Lakini nimewahi kumuuliza tukiwa wawili kama upepo ule ulisaidia hata kidogo. Akasema haukusaidia. Joto halikuhusika kabisa. Hapo nilikosea.